Asiransi ya Meno: Hesabu Kwanza, Kisha Tia Mkono

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Zamani SONAS peke yake ndiyo iliuza asiransi katika inchi yetu. Sheria ya mwaka 2015 ilifungulia mashirika mengine mlango. Siku moja mtu wao atapiga hodi kwako na karatasi ya asiransi ya meno. Usimfukuze, lakini usitie mkono siku ile.

Kwanza ujue unacho nini tayari. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaamuru mwajiri kutunza afya ya mfanyakazi na jamaa yake, na matunzo ya meno yamo. Uliza hospitali ya kazi, ao delege wa sendika: wanang'oa tu, ao wanaziba pia? Meno ya bandia je? Wengine wanalipa mara mbili kwa kitu kimoja kwa sababu waliona haya kuuliza.

Kisha kamata kalamu. Tuchukue mfano. Asiransi inaomba franka 15.000 kila mwezi: kwa mwaka ni 180.000. Inarudisha nusu ya gharama, lakini haipiti 200.000 kwa mwaka. Basi ili feza zako 180.000 zirudi, meno ya nyumba yako lazima yale 360.000. Na hata yakila milioni nzima, faida yako ni 20.000 tu. Mama, wewe unayepima feza ya soko, utaona jambo hili mbele ya bwana!

Soma pia maandiko madogo. Mara nyingi unalipa miezi kadhaa mbele ya kusaidiwa, na jino lililotoka zamani halihesabiwi.

Asiransi inaweza kufaa kwa mzazi ao mtoto mkubwa asiyeandikwa kwa mwajiri, kama kiasi inachorudisha kinapita sana kile unacholipa. Kama sivyo, weka zile 15.000 mwenyewe kila mwezi. Si katika likelemba: kule unangoja zamu yako, na jino halingoji zamu.

Lakini shavu likivimba, homa ikipanda, ao kumeza na kufungua kinywa kukiwa shida, acha hesabu. Usaha unaweza kushuka shingoni na kuziba pumzi. Nenda hospitali usiku ule ule.