Maganda ya Risasi: Mafunzo Niliyopata Texas

Huku Texas walenga shabaha wengi hufyatua wakaondoka, maganda ya shaba yakabaki chini. Mimi huyaokota niyajaze upya kwa fataki, baruti na kichwa kipya. Ganda ndilo sehemu ghali kuliko zote za risasi, na ndilo linalodai macho makali zaidi.

1. Ruhusa kwanza. Viwanja vingine vya shabaha hukuachia uokote utakacho. Vingine huruhusu ya kwako tu, maana mwenye uwanja huuza yaliyobaki. Ganda lililoangukia mbele ya mstari wa kufyatulia liache mpaka msimamizi asitishe ufyatuaji na bunduki zote ziwe tupu.

2. Chukua sumaku. Ganda la chuma litanasa, la shaba halinasi. Kisha chungulia ndani. Tundu moja katikati ni mtindo wa Boxer, ambao fataki yake iliyokwisha husukumwa nje kwa urahisi. Matundu mawili ni Berdan, hayo siyachukui. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani ndio walioshika mtindo wa Boxer.

3. Soma maandishi ya kitako. Ganda la .380 Auto, lenye urefu wa milimita 17, hujificha kati ya yale ya 9 mm Luger, yenye milimita 19. Risasi nzima ambayo haikulipuka nayo huingia kwenye ndoo. Mkabidhi msimamizi.

4. Kagua uchovu wa shaba. Hapa ndipo penye kazi. Risasi ya 9 mm Luger inaruhusiwa kufikia shinikizo la paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, takriban mara elfu moja ya upepo wa tairi la gari dogo, karibu kabisa na uso wako. Shaba hutanuka ikaziba chemba ili gesi isikurudie, kisha hunywea. Kila mfyatuo huichosha. Natafuta ufa mdomoni. Kwa maganda ya bunduki ndefu, natafuta pia mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, halafu napapasa ndani kwa waya mwembamba uliokunjwa ncha. Waya ukikwama kwenye kijifereji, ukuta umekonda na ganda litakatika. Nalibana kwa koleo likunjamane, asije mwingine akaliokota.

5. Masizi ya fataki nyingi yana madini ya risasi. Kusafisha maganda kwa chenga kavu za magunzi hutimua vumbi lenye sumu hiyo, kwa hiyo mimi huyaosha kwa maji katika pipa linalozunguka, pamoja na vijipini vya chuma kisichoshika kutu. Navaa glavu, sili chochote uwanjani, na nguo nilizookotea hufuliwa peke yake. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Mwanangu akiomba ganda la kuchezea, namnyima, hata lililokwisha kuoshwa.