Mmeachana? Shika Karatasi Zako

Mkitengana, kila mjomba na shangazi huwa na neno lake. Wasikilize kwa heshima. Ila kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka talaka ipite mahakamani, kwa hiyo jipange mapema.

Anzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Lipo la kata, na yapo ya Bakwata na ya makanisa. Likishindwa kuwapatanisha, usiondoke bila hati inayosema hivyo, kisha fungua shauri kabla haijatimiza miezi sita. Mwenzako akikataa kwa makusudi kufika, omba baraza liandike.

Ndoa ni ya Kiislamu na talaka imeshatamkwa? Bado pita barazani, kisha mahakamani. Huko ndiko mali hugawanywa.

Shauri unaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo.

Sasa mali. Hapa kaza, maana hapa ndipo watu hupoteza haki. Kusanya mkataba wa kununua kiwanja, risiti za saruji na bati, daftari la vikoba, picha za nyumba ikijengwa. Andika majina ya mafundi na majirani walioshuhudia. Jina lako kutokuwepo kwenye hati hakukunyimi mgawo.

Na usisimame mbele ya hakimu ukasema, “Mimi sikuwa na kazi.” Ulipika, ulilea, ulilima, uliwasimamia mafundi: taja vyote. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika kuchuma mali.

Nyumba mnayoishi kama mke na mume haiuzwi bila ridhaa yako. Ukimwona dalali anapitapita na ardhi imesajiliwa, wahi kuweka zuio kwa Msajili wa Hati.

Kwa watoto, sheria huanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka saba akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa kuwa kinachotazamwa kwanza ni ustawi wa mtoto. Usimfiche mtoto ili kumkomoa mwenzako. Anayeumia ni mtoto.

Baba, mtoto kukaa kwa mama yake hakukuondolei wajibu wa matunzo. Tuma kwa simu, tunza ujumbe wa muamala. Mama, peleka orodha ya gharama halisi: ada, sare, chakula, matibabu. Kipato kikishuka au ada ikipanda, rudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe. Usijipunguzie mwenyewe.

Huna fedha ya wakili? Nenda ustawi wa jamii au kwa mtendaji wa kata, uliza walipo wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua.

Hukumu ikisomwa, siku hiyohiyo omba nakala na uulize mwisho wa kukata rufaa ni lini.