Mayi yakipoteza nguvu nyumbani

Mfanyakazi, unarudi kutoka kazini, unafungua robine, na mayi yanatoka kidogo kidogo tu. Usikate tiyo. Kwanza uliza jirani: kwake ni namna gani?

Kama kwake pia ni kidogo, shida iko katika tiyo kubwa ya njia. Peleka habari upesi kwa mafundi wa mayi.

Kama ni kwako tu, angalia hivi:

1. Robine inayofunga mayi ya nyumba yote imefunguliwa kabisa?

2. Ni robine moja tu? Fungua kichujio kidogo cha mdomoni mwake, toa mchanga na kutu, ukioshe.

3. Funga robine zote, kisha tazama kipimo cha mayi. Kikiendelea kuzunguka, kuna tiyo inayovuja.

Mama, usidharau tiyo iliyotoboka. Nguvu ya mayi ikishuka, uchafu wa udongo unaweza kuingia kwa tundu lile lile. Hiyo ni njia ya kolera na tifoide. Mpaka tiyo itengenezwe, chemsha mayi ya kunywa: yakianza kutokota sana, hesabu dakika 1 nzima. Yaweke ndani ya chombo safi chenye kifuniko.

Tundu dogo leo, mtoto hospitalini kesho. Tengeneza mapema!