Desemba 25 Imetoka Wapi?

Kila Desemba, hapa Nkende wilayani Tarime, vijana wetu hubishana na jirani zao kuhusu Krismasi. Ndugu Muislamu, kabla ya kubishana ijue hoja yako.

Injili haitaji siku wala mwezi aliozaliwa Nabii Issa (a.s.). Luka (2:8) anataja tu wachungaji waliokesha makondeni na mifugo. Ushahidi wa mapema wa sikukuu ya Desemba 25 umo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354. Kanisa la Armenia huadhimisha Januari 6. Waethiopia, kwa kufuata kalenda yao, huadhimisha Januari 7.

Je, tarehe hiyo ilitokana na sikukuu ya jua ya Warumi? Wanahistoria wanatofautiana, basi tusidai kwa yakini.

Qur'an nayo haikutaja tarehe. Sura Maryam (19:25) inataja tende mbivu. Tena tumeamrishwa kujadiliana kwa njia iliyo bora (16:125), si kumkejeli jirani. Tofauti yetu ya msingi si kalenda, ni Tawhiid: Issa ni mja na Mtume wa Allah. Tuanzie hapo.

Wallahu a'lam.