Dinari Mbili za Msamaria

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 10:25–37, 2 Wafalme 20:1–7, Yohana 11:38–44, Wagalatia 6:1–5.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:2.

Kijana mmoja wa huku kwetu Simiyu alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akarudi Bariadi akiwa mraibu wa heroini. Kwanza redio ya mama yake ilitoweka, kisha fedha ya pamba. Familia ikampeleka Mwanza, akaanzishiwa dawa ya methadoni. Miezi minne baadaye nilimtembelea. Alikuwa amenenepa, anabeba mizigo sokoni, na haikosi Sabato.

Nami nikaharibu. Nilimwambia kwamba mtu aliyewekwa huru na Kristo hapangi foleni kila asubuhi kunywa dawa. Aiache, amtegemee Mungu. Alinitii kwa sababu mimi ni mzee wake. Juma la tatu alirudia unga. Somo hili limetokana na kosa hilo.

JUMAPILI: Aliyejeruhiwa Njiani

*Soma Luka 10:30–32. Kuhani na Mlawi walimwona majeruhi. Ni nini ambacho hawakukifanya?*

Sisi nasi tuna namna yetu ya kupita kando: tunamwita mtu "teja", na jina hilo linatosha kutuondolea wajibu.

Wengi huanza heroini kwa kutafuta raha. Mwili ukishaizoea, mtu huitumia ili asiugue. Akiikosa kwa saa kadhaa, hushikwa na arosto: mifupa huuma, jasho humtoka huku akitetemeka kwa baridi, hutapika, huharisha, halali. Vidonge vya tramadoli, vikitumiwa ovyo, humfunga mtu kwa kamba ya jinsi hiyohiyo. Dhambi inaweza kuwapo katika habari hii, lakini ugonjwa nao upo. Mwenye dhambi huitwa atubu. Mgonjwa hupelekwa kwa tabibu. Mtu huyu mmoja anahitaji yote mawili.

JUMATATU: Tini Juu ya Jipu

*Soma 2 Wafalme 20:5–7. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumponya Hezekia. Kwa nini basi tini zilitumika?*

Ahadi ilitangulia, dawa ikafuata, na nabii yuleyule ndiye aliyeleta zote mbili. Hezekia hakuonyesha upungufu wa imani kwa kukubali tini.

Methadoni hufanya kazi mahali palepale katika ubongo ambapo heroini hufanya kazi, lakini taratibu na kwa muda mrefu. Dozi moja iliyopimwa vizuri humshika mgonjwa siku nzima: arosto hutulia, tamaa hupungua, naye anaweza kufanya kazi na kusali akiwa na akili timamu. Hainywi ili alewe. Huinywa mbele ya mhudumu, bila sindano, na hivyo hatari ya kuambukizwa VVU kwa sindano za kuchangia hupungua. Kliniki ya kwanza nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Nyingine zikafuata, ikiwamo ya Sekou Toure, Mwanza.

Tuelewe pia mpaka wake: methadoni haitibu bangi, mirungi wala gongo. Na kuipunguza au kuiacha ni jambo la mgonjwa na daktari wake. Si la mzee wa kanisa.

JUMANNE: Nyumba ya Wageni

*Soma Luka 10:34, 35 pamoja na Mathayo 20:2. Msamaria alitoa kiasi gani, na aliahidi nini zaidi?*

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Msamaria alilipia siku za mbele, tena akaacha deni wazi. Alijua kwamba jeraha halifungi usiku mmoja.

Methadoni hutolewa bila malipo, lakini kuishi karibu na kliniki kuna gharama. Hakuna awezaye kusafiri kila siku kutoka Bariadi kupitia Lamadi na Magu hadi Mwanza, kunywa dawa na kurudi. Anahitaji kitanda, chakula, na kibarua chepesi. Hapo ndipo dinari zetu zinapohitajika. Darasa moja la Shule ya Sabato linaweza kuchangia chumba baada ya mauzo ya pamba. Kanisa la Mwanza linaweza kumpatia mtu wa kumwamkia kila siku.

JUMATANO: Mfungueni

*Soma Yohana 11:39, 44. Ni kazi gani mbili Yesu aliwaachia watu?*

Lazaro alikuwa hai, lakini bado amefungwa sanda. Aliyeanza matibabu naye hutoka na vitambaa vyake: aibu, madeni, marafiki wa kijiweni, mikono isiyo na kazi. Tumfungue. Tusimsimamishe mbele ya kanisa kutoa ushuhuda kabla yeye mwenyewe hajataka.

ALHAMISI: Akianguka Tena

*Soma Wagalatia 6:1–5. Aya ya 2 na aya ya 5 zinapatanaje?*

Wengi huanguka kabla ya kusimama imara. Aliyekaa muda bila heroini mwili wake umepoteza uzoefu. Akirudia kiasi chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Kwa hiyo kumfungia mlango siku ya kuanguka ni hatari kubwa. Arudishwe kliniki upesi.

Hata hivyo, upole si ujinga. Mama anaweza kufunga sanduku la fedha kwa kufuli na bado akampakulia mwanawe ugali. Mzigo wa kuchagua kila asubuhi ni wa mgonjwa mwenyewe; wetu ni kutembea naye.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Kijana yule hakufa. Nilimrudisha kliniki mwenyewe, nikamwomba msamaha njiani. Wahudumu walimpokea bila kumkemea. Mimi, niliyefundisha neema miaka mingi, nilijifunza kwao.

Maswali ya kujadili:

1. Tunamkubali mwenye kisukari anayechoma insulini kila siku. Kwa nini twasita kwa anayekunywa methadoni?
2. Je, kuna familia katika kanisa lenu inayoficha mraibu? Ni nini katika maneno yetu kinachoifanya ifiche?
3. Darasa lenu litatoa "dinari mbili" zipi robo hii? Tajeni kiasi, mtu wa kusimamia, na siku ya kuanza.