Mama Mjamzito na Kifafa cha Mimba

Mwezi huu tuongee juu ya ugonjwa ambao sisi wauguzi wa wodi ya wazazi tunauogopa sana: shinikizo la damu, au presha, kwa mama mjamzito. Tunauogopa kwa sababu mama anaweza kuwa nao huku analima, anateka maji na kucheka na wenzake, asijisikie vibaya hata kidogo.

UGONJWA WENYEWE

Tunapopima presha tunaandika namba mbili, kwa mfano 110/70. Kwa mjamzito, namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, na kipimo kikirudiwa baada ya saa chache kikatoa jibu lile lile, mama huyo ana presha. Ya juu ikifika 160 au ya chini 110, hiyo ni hatari. Atibiwe siku hiyo hiyo, asirudishwe nyumbani.

Wako akina mama waliokuwa na presha kabla ya mimba. Wengine huipata mimba ikishapita wiki 20. Mara nyingi shida huanzia kwenye kondo la nyuma. Kondo lisiposhika vizuri katika mji wa mimba, halipati damu ya kutosha, nalo huingiza katika damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa yake mwili mzima. Figo nazo huanza kupitisha protini kwenye mkojo. Ndiyo maana tunawaomba mkojo mnapokuja kliniki.

Wanaopatwa zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wasichana wadogo, wenye umri mkubwa, wenye mapacha, wenye kisukari au ugonjwa wa figo, na waliowahi kuupata katika mimba iliyotangulia.

MADHARA KWA MAMA NA MTOTO

Presha ikipanda bila kutibiwa, mama huweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Anaweza pia kupasuka mshipa wa ubongo, kuharibika figo na ini, au kondo kubanduka kabla ya wakati, akatoka damu nyingi.

Mtoto naye hupata chakula na hewa kupitia kondo lile lile. Likidhoofika, hakui vizuri, anaweza kuzaliwa njiti au kufia tumboni. Njiti hupoa upesi, hushindwa kupumua na kunyonya. Mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ili apate joto na anyonye mara kwa mara. Hata baba anaweza kumbeba hivyo mama apumzike.

DALILI ZA HATARI

1. Kichwa kuuma sana bila kupoa.
2. Macho kuona ukungu au vimulimuli.
3. Maumivu chini ya mbavu, hasa upande wa kulia.
4. Uso na mikono kuvimba ghafla. (Miguu peke yake huvimba kwa wengi, lakini pimwe presha.)
5. Kutapika katika miezi ya mwisho.
6. Mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Ukiona hata moja, nenda hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki.

AKIANGUKA DEGEDEGE NYUMBANI

Wapo wanaosema ni mashetani au amerogwa, wakaanza kutafuta mganga. Saa zinazopotea huko ndizo zinazoua. Mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vya kumuumiza. Msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe chochote. Tafuteni usafiri mara moja.

Hospitalini iko sindano ya magnesiamu salfeti. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33: dawa hiyo ilipunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Ziko pia dawa za kushusha presha zinazofaa kwa mjamzito. Asimeze za jirani au za mama mkwe, kwa maana nyingine humdhuru mtoto. Lakini tiba kamili ni mtoto na kondo kutoka. Kwa hiyo daktari akisema mama aanzishiwe uchungu au apasuliwe kabla ya miezi tisa kutimia, si haraka ya bure.

TUFANYE NINI?

Mama aanze kliniki mapema, kabla ya miezi mitatu kwisha. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio yasiyopungua manane. Mwenye hatari kubwa anaweza kuandikiwa aspirini kidogo kila siku kabla ya wiki 20, asijinunulie mwenyewe. Kila mara muulize muuguzi, "Presha yangu ni ngapi leo?" na uhakikishe imeandikwa kwenye kadi.

Akina baba, wekeni akiba ya nauli na mjue mapema gari la nani litaitwa usiku. Mama asikose kwenda kwa kuwa mume amesafiri. Ruhusa itolewe leo.

Na akishajifungua, msidhani hatari imekwisha. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kuzaa, hasa siku za kwanza, na presha huweza kubaki kwa wiki kadhaa. Arudi kupimwa, na kila mwaka apime tena, kwa kuwa aliyewahi kuugua hivi huwa na hatari zaidi ya presha na magonjwa ya moyo uzeeni.

Kupima presha ni kazi ya dakika chache tu. Mjamzito aliye nyumbani kwenu amepimwa lini?