Mtungi Mgongoni: Maswali ya Anayeanza Kuzamia

Kozi ya kwanza ya uzamiaji kwa mtungi wa hewa kwa kawaida huchukua siku tatu au nne: darasani, kwenye maji matulivu, kisha baharini. Haya ndiyo maswali ambayo wanafunzi huyauliza sana, pamoja na majibu ya mkufunzi.

Nimezaliwa pwani na mbizi nimepiga tangu utotoni. Kozi ya nini tena?

Mazoea hayo yatakuondolea hofu ya maji, ila yamekufunza tabia moja ambayo kwenye mtungi ni hatari: kubana pumzi. Mpiga mbizi hushuka na hewa aliyoivuta juu. Maji huibana, naye akiibuka, hewa hiyo hurudia ukubwa wake wa awali. Mwenye mtungi huvuta hewa kule kule chini, ikiwa tayari imebanwa. Kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukijaza mapafu huko kisha ukapanda umebana pumzi, hewa hiyo hutaka nafasi mara mbili. Pafu huchanika, na hewa yaweza kuingia kwenye damu ikafika ubongoni. Hata kwenye bwawa la kuogelea hili hutokea. Basi kanuni inayotangulia zote ni hii: pumua muda wote, taratibu, bila kukatiza.

Na kipumulio kikinichomoka mdomoni?

Toa viputo vidogo vidogo mfululizo huku ukikitafuta. Ukikirudisha, puliza kwanza maji yatoke, ndipo uvute. Zoezi hili utalirudia mpaka mkono ulifanye wenyewe.

Masikio yanauma nikishuka. Nivumilie?

Hapana. Ziba pua na upulize kwa upole, ukianza mita ya kwanza kabisa na kuendelea kila baada ya mita moja, kabla maumivu hayajaanza. Yakikataa kuzibuka, panda kidogo ujaribu tena. Yakikataa kabisa, ghairi. Mwenye mafua asizamie. Dawa ya kuzibua pua yaweza kuisha nguvu ukiwa chini.

Kwa nini tunapanda polepole hivyo?

Hewa ya mtungini ina naitrojeni, na mgandamizo huifanya iyeyuke mwilini kwa wingi. Ukipanda taratibu, hutoka kwa njia ya pumzi. Ukikimbilia juu, hugeuka viputo ndani ya damu na viungo: maumivu ya maungio, ganzi, kizunguzungu, hata kupooza. Usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kuibuka. Ukiona dalili hizo baada ya kutoka, usisubiri kesho: pewa oksijeni na upelekwe hospitali haraka.

Nishuke kina gani, na hewa nijue vipi inatosha?

Cheti cha kwanza kwa kawaida kinaishia mita 18. Mtungi uliojaa husoma takriban bari 200 kwenye geji. Itazame mara kwa mara, mwambie mwenzako unachokisoma, na upange uwe juu ukiwa bado na bari 50.

Mwenzangu akinipotea?

Mtafute kwa dakika moja tu, kisha panda kwa utaratibu ule ule mkutane juu. Msiachane, kwa kuwa kipumulio chake cha akiba ndiyo hewa yako ya dharura. Mkubaliane ishara kabla ya kuruka majini. Huku kwetu dole gumba juu ni "poa". Chini ya maji ni "tupande".

Nikitoka majini, naweza kusafiri siku hiyo hiyo?

Kwa boti, hakuna neno. Kwa ndege, subiri angalau saa 12 ikiwa umezamia mara moja, na saa 18 ikiwa ni mara nyingi au siku kadhaa mfululizo. Wengi hukumbuka ndege wakasahau miinuko. Ukizamia Diani asubuhi, jioni ukapanda treni ya Nairobi, utafika palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni mdogo. Lala pwani. Na anayepanga Kilimanjaro na Zanzibar kwa likizo moja aanze na mlima.

Nani hasa asizamie?

Mjamzito asizamie kabisa. Mwenye pumu, kifafa au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, na fomu ya afya aijaze kwa ukweli. Aliyekunywa pombe abaki ufukweni.

Na nikiona bahari imechafuka, au roho inasita tu?

Msikilize nahodha: kusi ikivuma, upande wa mashariki wa Unguja mawimbi huwa makubwa, na mikondo ya Pemba humchosha hata mzoefu. Ukisita, sema hapo hapo botini. Mzamiaji yeyote anaweza kuahirisha bila kutoa sababu, na mkufunzi anayekushurutisha ili asirudishe nauli ya boti si wa kumfuata chini ya maji.